Bwawa la Kuogelea Lililotelekezwa: Kuyatibu Maji, Kuyamwaga, au Kuligeuza Matumizi?

Mtu anayerithi, kununua au kupanga nyumba yenye bwawa la kuogelea, iwe Njiro au Ilboru kwa upande wa Arusha, iwe Shanty Town kwa upande wa Moshi, mara nyingi hukabidhiwa pamoja na funguo shimo la maji yenye rangi ya mlenda, majani ya mjakaranda yaliyoozea chini, na vyura ambao wakishaanza kuimba saa mbili usiku hawanyamazi hadi alfajiri. Fundi wa kwanza atakayemwita atamwambia amwage maji yote. Fundi wa pili atamwambia atie klorini. Jirani atamwambia afuge samaki. Wote watatu wanaweza kuwa sahihi, kila mmoja kwa bwawa lake, na hapo ndipo mwenye nyumba anapokwama.

Nimesimamia nyumba za watu katika miji hii miwili kwa miaka kadhaa, na jambo ambalo limenichukua muda mrefu kulielewa ni kwamba rangi ya maji ndiyo inayowatisha watu, ilhali si rangi inayopaswa kuamua. Mambo yanayoamua ni mawili yasiyoonekana: tope lililo chini ya maji, na maji yaliyo chini ya sakafu.

Mizani ya kupimia

Njia zote tatu nitazipima kwa mambo matano: maji yatakayopotea na yatakayohitajika, muda na kazi, fedha, usalama wa bwawa lenyewe kama jengo, na usalama wa watu, majirani na mito. Uzuri sikuuweka kwa makusudi, kwa sababu njia mbili za kwanza, zikifanywa sawasawa, huishia kwenye maji yale yale ya kung'aa.

Ili hesabu zieleweke, nitatumia bwawa moja la mfano, lenye urefu wa mita 8, upana wa mita 4, na kina cha mita 1 upande mmoja na mita 2 upande wa pili, yaani wastani wa mita 1.5. Ukizidisha unapata mita za ujazo 48, ambazo ni lita 48,000, na kwenye ankara ya maji ni uniti 48.

Kabla ya kuchagua, fanya vipimo vinne ambavyo havigharimu kitu cha maana. Chukua sahani nyeupe ya bati, itoboe, ifunge kamba na jiwe, kisha ishushe majini taratibu ukiangalia inapotelea kina gani. Ikipotea kabla ya kufika shibiri moja, maji yamebeba mwani mwingi, na hilo linakuambia utatumia klorini kiasi gani. Kisha chukua mwanzi mrefu na uuzamishe upande wa kina hadi uusikie umegonga zege, uuchomoe, na utazame alama ya tope iliyobaki juu yake. Tope la kina cha vidole viwili au vitatu ni kazi ya wavu na subira, lakini tope la kufika kwenye kifundo cha mguu ni habari nyingine kabisa.

Kipimo cha tatu ni cha uvujaji. Jaza ndoo maji ya bwawa, iweke kwenye ngazi ya kwanza ya bwawa ili maji ya ndani ya ndoo na ya nje yalingane, weka alama, na urudi baada ya saa 24. Maji ya bwawa yakiwa yameshuka zaidi ya yale ya ndoo, huo si mvuke, bwawa linavuja. Cha nne ni pH, yaani kipimo cha ukali wa asidi majini (namba ikiwa ndogo asidi ni nyingi), kwa zile karatasi zinazobadilika rangi zinazouzwa kwenye maduka ya dawa za mabwawa.

Njia tatu, na moja ya kupita tu

Njia ya kwanza ni kuyatibu maji yaliyomo: kuvua majani, kushusha pH, kuua mwani kwa klorini nyingi, kuutuliza chini kwa shabu, kisha kuufyonza na kuutoa nje. Ya pili ni kuyamwaga maji yote, kukwangua na kusugua kuta na sakafu, kukarabati palipopasuka, na kujaza upya. Ya tatu ni kukubali kwamba hakuna atakayeogelea, na kuligeuza bwawa kuwa la samaki au hifadhi ya maji ya bustani. Kulifukia kabisa ni njia ya nne, nami naitaja kwa sentensi moja tu: anayefukia bila kwanza kuitoboa sakafu matundu makubwa ya kupitisha maji anajitengenezea kinamasi cha kila masika mbele ya baraza yake.

Maji

Kwa kigezo hiki njia ya kwanza ina nafuu iliyo dhahiri. Maji yanayopotea ni yale tu yanayotoka pamoja na uchafu unapofyonzwa na unapoosha chujio. Katika bwawa letu la mfano kila sentimita 10 zinazoshuka ni lita 3,200, na kazi nzima hushusha maji kiasi hicho mara mbili au tatu. Ukilinganisha na uniti 48 za kujaza upya, tofauti ni kubwa, hasa katika mitaa inayopata maji kwa mgao. Mpira wa bustani unaotoa lita 15 kwa dakika utahitaji zaidi ya saa 50 mfululizo kulijaza bwawa hilo, na mwenye kuagiza boza la lita 10,000 atalipokea getini mara tano.

Hata hivyo, maji mapya yana sifa moja ambayo maji ya zamani hayawezi kuipata kwa dawa yoyote. Bwawa lililotunzwa kwa miaka mingi kwa vile vidonge vyeupe vya klorini hukusanya asidi ya sianuriki, ambayo kazi yake ni kuikinga klorini isiunguzwe na jua. Kidogo chake ni msaada mkubwa katika jua letu kali, lakini ikipita miligramu 100 kwa lita huifanya klorini kuwa goigoi, nawe utamimina ndoo juu ya ndoo mwani usishituke. Haichujwi kwa mchanga wa chujio wala haitoki kwa mvuke. Dawa yake ni kumwaga sehemu ya maji na kuongeza mengine. Ukipima ukaikuta imejaa hivyo, faida ya njia ya kwanza upande wa maji inapungua sana.

Kuna jambo la hapa kwetu ambalo maelekezo ya kwenye makopo ya dawa hayalijui. Maji ya visima na chemchemi za mteremko wa Meru mengi yana bikabonati na floraidi kwa wingi, kwa sababu ya miamba ya volkano. Floraidi haipenyi kwenye ngozi, kwa hiyo muogeleaji hana la kuhofia mradi asiyanywe; meno ya kahawia ya wengi wetu tuliokulia huku yalitokana na maji ya kunywa. Bikabonati ndiyo inayomhusu mwenye bwawa, kwa kuwa huing'ang'aniza pH juu. Klorini katika maji yenye pH 8 hufanya kazi kwa karibu robo tu ya nguvu yake, ilhali kwenye 7.2 hufikia karibu theluthi mbili. Anayejaza bwawa upya kwa maji ya kisima cha namna hiyo atanunua asidi, na ataendelea kuinunua.

Njia ya tatu haihitaji maji mengi mwanzoni, lakini ina kiu ya kudumu, kwani samaki wanahitaji sehemu ya maji ibadilishwe mara kwa mara. Hifadhi ya maji ya mvua ni kinyume chake: paa la mita za mraba 100 hukusanya takriban lita 1,000 kwa kila milimita 10 za mvua, na masika moja nzuri inaweza kukupa bustani isiyoijua ankara.

Muda na kazi

Kuyatibu maji huchukua siku tano hadi kumi, na siku hizo hazilingani. Siku ya kwanza ni ya wavu na mgongo. Majani yatolewe yote kabla ya dawa, kwa kuwa klorini haichagui. Itateketea kwenye majani yaliyooza kabla haijaugusa mwani. Klorini ya unga yenye nguvu ya asilimia 65 ndiyo inayopatikana kwa wingi, na ili kulifikisha bwawa letu kwenye miligramu 30 kwa lita zinahitajika takriban kilo 2.2 kwa mkupuo mmoja, ambazo huyeyushwa kwenye ndoo na kumwagwa jioni, kwa sababu maji yasiyo na kinga ya asidi ya sianuriki hupoteza sehemu kubwa ya klorini ndani ya saa chache za jua. Mkupuo hurudiwa kila jioni huku pampu ikizunguka mchana na usiku na kuta zikisuguliwa kwa brashi.

Asubuhi ya siku ya tatu, katika bwawa moja la Njiro, mama mwenye nyumba alinipigia simu kwa hasira kwamba nimeyaharibu maji yake kabisa. Nilipofika nikakuta maji yameacha ukijani na kuwa ya kijivu, mfano wa maji ya kuoshea mchele. Nilifurahi kuliko nilivyoweza kumweleza, kwa kuwa ndiyo rangi ya mwani uliokufa. Tulitia shabu, kiasi cha gramu 100 kwa kila mita ya ujazo, tukazungusha maji kwa saa mbili bila kuyapitisha kwenye mchanga, tukazima pampu na kuiacha usiku kucha. Kesho yake ngazi ya chini kabisa ilionekana, na sakafu ilikuwa imefunikwa blanketi laini la kijivu ambalo ukilitikisa kidogo linafumka kama moshi. Hapo ndipo watu wengi hukosea: blanketi hilo halifyonzwi kupitia chujioni, linatolewa moja kwa moja nje, polepole, na mtu mmoja tu ndiye anayeshika mpini wa brashi ya kufyonzea. Ishara kwamba kazi imeisha ni kwamba maji yanaonyesha sakafu, na kwamba klorini uliyoipima usiku haijapungua zaidi ya miligramu 1 kwa lita kufikia alfajiri.

Kumwaga ni kazi fupi na nzito zaidi. Pampu ya kuzama hutoa maji kwa siku moja au mbili, vibarua wawili hukwangua tope na kusugua kwa siku mbili au tatu, kisha ukarabati kama upo, kisha kujaza. Ukiwa na maji ya uhakika unaweza kumaliza ndani ya wiki. Ukiwa na mgao, subiri. Faida yake kubwa ni kwamba unaiona sakafu kwa macho yako. Nyufa, vigae vilivyolegea, na kile kifuniko cha tundu la chini kilichovunjika vyote hujitokeza, na fundi huvishika kwa mkono badala ya kuvikisia.

Kuligeuza bwawa ni kazi ya wiki kadhaa kabla ya kifaranga cha kwanza kuingia majini, na ya miezi baada ya hapo. Sato hufikia uzito wa kuliwa ndani ya miezi sita hadi minane wakiwa kwenye maji ya nyuzi 26 hadi 30. Moshi, iliyo kwenye mwinuko wa takriban mita 800 hadi 900, haina shida sana. Arusha, iliyo karibu mita 1,400, ina Juni na Julai zake, na maji yakishuka chini ya nyuzi 20 sato hupunguza kula na kukua husimama. Kambale ni mvumilivu zaidi wa maji machafu kwa kuwa hupumua pia hewa ya juu.

Fedha

Bei za dawa na maboza hupanda na kushuka, kwa hiyo badala ya kukupa tarakimu zitakazochakaa, nitakuonyesha mahali fedha zinapoingia. Katika njia ya kwanza zinaingia kwenye klorini, asidi, shabu na umeme. Pampu ya nguvu ya farasi moja hula takriban kilowati 0.75, yaani uniti 18 za LUKU kwa siku ikizunguka saa 24. Siku tano ni uniti 90. Iwapo chujio na pampu ni vizima, njia hii kwa kawaida ndiyo nafuu. Iwapo pampu imekufa na mchanga wa chujio umegeuka tofali, gharama yake inapanda ghafla, na hapo haina tena haki ya kuitwa nafuu.

Katika njia ya pili fedha ni za maji, vibarua na ukarabati. Watu husahau kwamba maji mapya nayo yanahitaji dawa siku ile ile yanapoingia, na kwamba pampu mbovu itabaki mbovu hata bwawa liking'aa. Wiki tatu baadaye mlenda umerudi.

Katika njia ya tatu gharama ya kuanza inaweza kuwa ndogo, ila mapato nayo ni madogo kuliko yanavyosimuliwa. Bila mashine ya kuingiza hewa, kiwango cha tahadhari ni samaki wawili au watatu kwa kila mita ya mraba, hivyo bwawa letu la mita za mraba 32 litabeba kati ya samaki 64 na 96. Wakifikia gramu 250 hadi 300 kila mmoja, ni kilo 16 hadi 29 kwa mvuno. Hicho ni kitoweo cha familia na zawadi kwa mashemeji, wala si biashara.

Usalama wa bwawa lenyewe

Hapa ndipo ninapoomba msomaji apunguze mwendo, kwa kuwa kosa la hapa halirekebishwi kwa kopo la dawa.

Bwawa lililojaa linasukumwa na maji kutoka ndani na kukandamizwa na udongo kutoka nje, na nguvu hizo mbili zinaheshimiana. Ukilimwaga, nguvu ya ndani imeondoka. Kama ardhi inayolizunguka imelowa, maji ya ardhini husukuma sakafu kwenda juu, na bwawa tupu linaweza kupasuka au kunyanyuka mzima mzima mithili ya mtumbwi. Mwaka mmoja, mwezi wa Aprili, nilikuwa Moshi na mgeni wa mwenye nyumba alikuwa anakuja Ijumaa. Fundi alisita, akasema tungoje mvua zipungue. Mimi ndiye niliyemshinikiza amwage. Jumatano asubuhi nilikuta ufa mrefu umeikata sakafu ya upande wa kina, na ndani ya ufa maji safi kabisa, baridi, yanabubujika kama chemchemi ya Njoro. Fundi hakusema neno. Alikaa ukingoni, akavua kofia.

Kwa hiyo anayechagua kumwaga achague pia mwezi. Januari na Februari, au Agosti na Septemba, ardhi huwa kavu; kuanzia Machi hadi Mei, na baada ya vuli nzito, aache. Achimbe kwanza shimo jembamba pembeni ya bwawa hadi kufikia kina cha sakafu. Maji yakijikusanya ndani yake, jibu limepatikana. Mabwawa mengine yana vali sakafuni inayoruhusu maji ya ardhini kuingia ndani badala ya kuinua jengo, na fundi aihakikishe kabla ya kushusha maji. Penye udongo mweusi wa mfinyanzi, ule unaopasuka kiangazi na kuvimba masika, pana hatari nyingine, kwani udongo wenyewe huzisukuma kuta. Bwawa la faibaglasi lisimwagwe bila mtaalamu, na la zege lisiachwe tupu juani kwa wiki nyingi, plasta ikakauka na vigae vikaanza kubanduka.

Kuyatibu maji hakuna hatari hiyo, na hiyo ndiyo sababu kubwa kuliko zote ya kuifikiria njia ya kwanza wakati wa mvua. Hatari yake ni ndogo ndogo: madoa. Wapo wanaotumia mrututu kuua mwani, nao huua kweli, lakini shaba yake huacha madoa ya kijani na meusi kwenye plasta na kugeuza rangi ya nywele nyeupe za bibi. Njia ya tatu huliacha bwawa limejaa, jambo zuri kwa kuta, ingawa linalovuja litaendelea kuvuja.

Usalama wa watu, majirani na mto

Katika njia zote hatari ya kwanza ni ile ile: maji ambayo sakafu yake haionekani yanaweza kumficha mtu aliyezama. Uzio na mlango unaofungwa vije kabla ya dawa na kabla ya samaki. Asiingie mtu yeyote kwenye maji ya kijani kwenda kutafuta tundu la chini kwa miguu.

Njia ya kwanza inabeba hatari ya kemikali. Klorini na asidi zikikutana hutoa hewa ya sumu, na klorini ya unga ikichanganywa na ile ya vidonge inaweza kulipuka, hata kwa kutumia kopo moja la kuchotea. Dawa hutiwa kwenye maji, kamwe maji hayamwagwi juu ya dawa. Vaa glavu na miwani, simama upande upepo unakotoka, na usiruhusu watoto kuogelea hadi klorini irudi kwenye miligramu 1 hadi 3 kwa lita.

Njia ya pili ina shimo tupu la mita 2, waya wa umeme kando ya maji, na tope ambalo likichokorwa hutoa harufu ya mayai viza. Kibarua akisikia kizunguzungu atoke juu mara moja. Pia inaleta swali la jirani: lita 48,000 zitakwenda wapi? Maji ya kijani ambayo hayajatiwa klorini wala mrututu ni mbolea nyepesi, na migomba huyapokea kwa shukrani yakitolewa kidogo kidogo kwa siku kadhaa. Maji yaliyokwisha kutiwa klorini ni mambo mengine. Yakifika Themi au Naura, au Karanga na Rau kwa upande wa Moshi, huua samaki na vyura. Kumwaga majitaka kwenye mito hiyo kunahitaji kibali, na mlango wa kubisha ni Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani. Kwa hiyo anayekusudia kumwaga asianze na klorini, hata kama fundi anasema itarahisisha kusugua.

Njia ya tatu ina malipo yake kwenye mbu. Yai la mbu hugeuka mbu kamili ndani ya wiki moja hadi mbili, na bwawa lililotelekezwa ni kitalu chao. Sato hula viluwiluwi. Aliyechagua hifadhi ya maji bila samaki aifunike, au atumie dawa ya kibiolojia ya kuua viluwiluwi, ambayo hutengenezwa hapa nchini katika kiwanda cha Kibaha na haidhuru samaki wala binadamu. Dawa hiyo inamfaa pia yule ambaye bado hajaamua, kwa kuwa inamnunulia wiki kadhaa za kufikiri bila kuwalea mbu wa mtaa mzima. Lakini bwawa lililowahi kutiwa mrututu lisipokee samaki hadi lisafishwe na kujazwa upya, kwani shaba ni sumu kwao, na klorini iwe sifuri kabisa.

Kwa hali yako

Ukiwa na tope la vidole vichache, pampu nzima, chujio linalofanya kazi na bwawa lisilovuja, njia ya kuyatibu maji inakufaa, na inakufaa zaidi ikiwa ni masika au mtaa wako una mgao. Inamfaa pia mtu mwenye muda wa kuwepo nyumbani jioni na asubuhi kwa wiki nzima, kwa sababu bwawa linalotibiwa halipendi kuachwa siku mbili.

Mwanzi ukikuonyesha tope la kufika kwenye kifundo cha mguu, au ndoo ikionyesha uvujaji, au asidi ya sianuriki ikiwa imepita kiasi, kumwaga kuna maana, mradi ni kiangazi, shimo la pembeni ni kavu, na maji ya kujazia yana uhakika. Ukiyakuta mambo haya katikati ya Aprili, weka dawa ya viluwiluwi, vua majani ya juu, funga geti la bwawa, na umwambie fundi mtaonana Agosti.

Iwapo uko katikati, yaani tope la wastani na maji mazito, ipo njia ya kushusha theluthi moja ya maji, kulitoa tope kwa pampu, kuongeza maji mapya, kisha kutibu yaliyobaki. Mimi binafsi hiyo ndiyo niliyoifanya mara nyingi kuliko zote, kwa kuwa bwawa halibaki tupu na bili haiwi ya kutisha.

Mzee aliyebaki peke yake na nyumba ambayo wajukuu huja Desemba tu, na ambaye gharama ya kila mwezi ya dawa na umeme inamwelemea, afikirie kwa uzito kuligeuza bwawa. Kama yuko Moshi, sato wanafaa. Kama yuko juu kule Ilboru, kambale au hifadhi ya maji ya bustani vinamfaa zaidi, na afisa ugani wa uvuvi wa halmashauri yake ndiye wa kuulizwa kuhusu vifaranga. Anayetarajia kuiuza nyumba ndani ya mwaka asiharakishe kugeuza, kwa kuwa wanunuzi wengine huja wakilitafuta bwawa hilo hilo.

Kwa mpangaji, kabla ya ndoo ya kwanza kutoka, amwandikie mwenye nyumba na apate jibu la maandishi. Apige picha kuta, vigae na usawa wa maji siku hiyo hiyo, na asikubali kumwaga kwa neno la simu tu, maana ufa ukitokea sakafuni, jambo la kwanza litakaloulizwa ni nani aliyewasha pampu.